Faili za TV nilizorekodi (.ts): nikizigeuza MP4 sauti inaachana na mdomo. Kosa liko wapi?

#1 Mtunza_Kanda
Wakuu, habari za humu.

Nina diski ya nje yenye vipindi kama sitini nilivyorekodi kwa king'amuzi miaka iliyopita. Vyote ni .ts. Kimojawapo ni mahojiano ya marehemu baba, dakika 52, na hicho ndicho kimenifanya nifungue uzi huu. Nataka kila ndugu yangu awe nacho kwenye simu yake.

Nilipakua programu moja ya bure ya kubadili video, nikachagua MP4, nikaiacha usiku kucha. Asubuhi faili ipo, picha ipo, sauti ipo. Dakika za mwanzo safi kabisa. Kufika mwishoni, baba anafunga mdomo, ameshatulia, mikono iko magotini, na sauti yake bado inamalizia sentensi. Nakadiria inachelewa sekunde mbili. Nimerudia mara tatu, matokeo yale yale.

Kosa ni la rekodi, programu au simu? Na ni kweli kila ukibadili fomati ubora unashuka? Faili asili bado ninayo.

#2 Siti_ya_Mbele
Pole kwa kuondokewa na mzee, mkuu. Nimekaa hapa, wataalamu waje.

#3 Kasi_Kasi
Mbona kazi ndogo? Bofya jina la faili, futa .ts, andika .mp4, basi. Nimefanya hivyo mara nyingi na simu yangu inacheza. Programu za nini?

#4 Fundi_Mawimbi
Mkuu #3, hapo umebadili anwani juu ya bahasha tu. Ndani hakuna kilichoguswa. Simu yako inacheza kwa sababu vichezeshi vingi haviangalii jina, vinachungulia yaliyomo. Ukikutana na kichezeshi kinachoamini jina, kitagoma.

Mtunza_Kanda, kwanza tuelewane hapa, maana ndipo wengi wanapotea. Faili ya video ni bahasha yenye barua ndani. Bahasha ni .ts, .mp4, .mkv. Barua ni picha yenyewe ilivyokandamizwa: MPEG-2 ya miaka ya 1990, H.264 ya mwaka 2003 au HEVC ya mwaka 2013. Pembeni kuna sauti, nayo ina aina zake: MP2, AC-3, AAC.

Unaweza kuitoa barua kwenye bahasha moja ukaitia kwenye nyingine bila kugusa herufi hata moja. Kazi hiyo huisha kwa dakika chache, na ubora haupungui kwa sababu hakuna kilichochorwa upya. Njia ya pili ni kuifungua picha yote na kuikandamiza tena, yaani kurenda upya. Hiyo ndiyo inayokesha, na hiyo ndiyo inayopunguza ubora kila ukirudia. Programu iliyochukua usiku kucha ilirenda upya, na huenda hapakuwa na haja.

TS imekatwa vipande vidogo vya baiti 192 kila kimoja. Ilitengenezwa hivyo kwa sababu mtazamaji wa TV anafungua katikati ya kipindi. Hakuna mwanzo wala mwisho, kipande chochote kinachofika lazima kijieleze chenyewe.

#5 Waya_Mwekundu
Maelezo mazuri Fundi, ila rekebisha namba. TS ni baiti 188. Zenye 192 ni M2TS za kamera na Blu-ray, zile zimeongezewa baiti 4 za muda mbele ya kila kipande.

Anayetaka kuliona kwa macho afungue .ts kwenye programu inayoonyesha baiti mojamoja. Baiti ya kwanza utakuta 47. Hesabu 188 mbele, utakuta 47 nyingine. Tena 188, tena 47, hadi mwisho wa faili. Mara ya kwanza nilipoona ule mpangilio nilikaa nikaushangaa kwa muda mrefu.

#6 Fundi_Mawimbi
Sahihi kabisa, 188. Asante.

#7 Bi_Antena
Na kutokuwa na mwanzo wala mwisho kuna faida yake. Umeme ukikatika katikati ya kurekodi, .ts inacheza hadi sekunde ya mwisho iliyoandikwa. MP4 huandika faharasa yake, kwa kawaida mwishoni, na bila faharasa kichezeshi hakijui kianzie wapi. Nilipoteza saa nzima ya rekodi namna hiyo: faili ilikuwa na GB 2 na haikufunguka popote. Tangu siku hiyo narekodi TS, MP4 nafanya baadaye.

#8 Pikseli_Moja
Turudi kwenye sauti ya mzee. Mkuu, tatizo lako nalijua: ni kasi ya fremu, yaani picha mojamoja zinazopita kila sekunde. Tofauti ya asilimia 0.1 kati ya fremu 23.976 na 24, au 29.97 na 30, inazaa sekunde 3 kwenye dakika 52. Piga hesabu: sekunde 3,120 mara 0.001. Umekadiria mbili, tuko jirani. Programu imekosea kasi, basi.

#9 Waya_Mwekundu
#8 hesabu yako iko sawa, ila inahitaji rekodi yenye kasi hizo. Nchi zilizokuwa na PAL, ule mfumo wa zamani wa TV ya analogi, hurusha fremu 25 kwa sekunde. Ikiwa faili yake ni ya 25 na programu imeifanya 24, tofauti ni asilimia 4, yaani dakika mbili nzima, na sauti ingekuwa imeshaaga wakati mzee bado yuko katikati ya mazungumzo. Mtunza_Kanda, faili inasema fremu ngapi?

#10 Mtunza_Kanda
Nimeangalia kwenye kichezeshi cha VLC, sehemu ya taarifa za kodeki. Picha ni H.264, 720 kwa 576, fremu 25. Sauti ni MPEG Layer 2, Hz 48,000. Asanteni, sikujua haya yote yamo humo.

#11 Fundi_Mawimbi
Safi, basi kasi ya fremu tuiweke kando. Mimi nasema rekodi ina mapengo. Mawimbi yakitetereka kidogo, vipande vinapotea njiani. Faili inabaki na mihuri ya muda, kwa hiyo kichezeshi kizuri kinaona pengo na kulisubiri. Programu mbovu haiangalii mihuri. Inazipanga fremu moja baada ya nyingine kana kwamba hakuna iliyokosekana. Fremu 50 zikipotea, picha imekuwa fupi kwa sekunde mbili, inakimbia mbele ya sauti. Mdomo unafunga kwanza, sauti inafuata. Ndivyo ulivyoeleza.

Jaribu hivi: tazama dakika ya 10, 20, 30, 40 na 50, uandike inachelewa kiasi gani. Ikiongezeka polepole, ni kasi. Ikiruka ghafla, ni pengo.

#12 Kobe_Mpole
Mimi pia nina mzigo wa namna hiyo, ila zangu ni .wtv. Nilirekodi kwa kompyuta enzi za Windows Media Center. Nimehamia Windows 10, haifungui. Je, nimepoteza?

#13 Bi_Antena
Kobe, hujapoteza. Windows 7 ilirekodi .wtv, XP Media Center na Vista zilirekodi .dvr-ms. Windows 10 iliiondoa Media Center yote, ndiyo maana umebaki mpweke. FFmpeg, programu ya bure ya kubadili video kwa kuandika amri, inasoma .wtv moja kwa moja. Zile tu zilizowekewa kizuizi cha kunakili na kituo chenyewe ndizo zitakugomea.

#14 Siti_ya_Mbele
Kobe kweli Kobe, mwenzetu ametoka Windows 7 juzi tu. Karibu mkuu, tulikusubiri.

#15 Kobe_Mpole
Nimefika salama, nashukuru. Faili 40 zimeanza kufunguka.

#16 Mtunza_Kanda
Fundi, nimepima. Dakika 10 sawa. Dakika 20 sawa. Dakika 30 sawa. Dakika 31 na sekunde kama 15, picha inavunjika viboksi kwa kufumba na kufumbua, na kuanzia hapo sauti inachelewa kama sekunde moja. Dakika 40 bado sekunde moja. Dakika 50 karibu mbili. Sijaona viboksi tena baada ya ile ya 31. Ila dakika ya 44 kuna matangazo ya biashara.

#17 Fundi_Mawimbi
Dakika 31 ni pengo, limejionyesha lenyewe. La pili lipo, halikuvunja picha kwa namna ya kuonekana. Likitokea kwenye tukio lisilo na mwendo mwingi, hutaliona.

#18 Nyuzi_Tano
Napinga nusu ya pili. Tazama dakika ya 44: matangazo. Vituo vingi hubadili sauti hapo, kipindi kina chaneli mbili, tangazo linakuja na 5.1 (chaneli sita), au kinyume chake. Programu nyingi za kubadili husoma aina ya sauti mara moja tu, mwanzoni. Ikibadilika katikati zinachanganyikiwa. Nimeona faili iliyokata sauti kabisa baada ya tangazo la kwanza.

#19 Waya_Mwekundu
Nyuzi, jambo hilo lipo, ila hutokea zaidi kwenye AC-3. Ya kwake ni MPEG Layer 2. Halafu programu ikichanganyikiwa na sauti, itapoteza sauti. Sauti ikipungua inatangulia mdomo. Yake inachelewa.

#20 Nyuzi_Tano
Inategemea. Kama programu ilijaza ukimya mahali ilipokwama, na ikajaza kupita kiasi, sauti itachelewa. Sijashawishika.

#21 Antena_ya_Paa
Mbona hakuna aliyetaja saa ya TS yenyewe? Mihuri ya muda ina biti 33 na inahesabu mara 90,000 kwa sekunde. Ikijaa inarudi sifuri. Inajaa kila baada ya saa 26 na dakika 30 hivi. Kituo hakianzi kuhesabu kipindi chako kinapoanza, kinahesabu tu siku nzima, kwa hiyo rekodi ya dakika 52 inaweza kuangukia pale pale saa inaporudi sifuri. Programu dhaifu ikiona muda umerudi nyuma, inafanya vituko.

#22 Fundi_Mawimbi
Antena, kweli kabisa, na watu wengi hawalijui hilo. Ila ikitokea, kosa huwa kubwa: faili inajitangaza kuwa na saa 26, au inakatika pale pale. Sekunde moja? Sidhani.

#23 Antena_ya_Paa
Nimeona ndogo pia. Aangalie muhuri wa kwanza wa faili, ndipo tubishane.

#24 Kasi_Kasi
Nakubali yaishe kuhusu jina la faili, nimejifunza. Ila na mimi nichangie: tumia HandBrake, uiambie ihamishe bahasha tu bila kurenda. Na ile namba ya ubora uipandishe mpaka juu.

#25 Pikseli_Moja
Kasi, punguza kasi. HandBrake hairuhusu kuhamisha picha bila kurenda. Sauti inaweza kupita kama ilivyo, picha lazima irendwe. Kuhamisha tumia FFmpeg au MKVToolNix.

Na namba ya ubora inakwenda kinyume. Kwenye x264, programu inayokandamiza picha kuwa H.264, inaanzia 0 hadi 51, ya kawaida ni 23, na ndogo ndiyo bora. Ukiipandisha mpaka juu, unapata ukungu. Ukilazimika kurenda, jaribu 18 hadi 20. Kwa mahojiano ya mtu ameketi, faili haitakuwa kubwa.

Wanaorenda wazingatie na ile mistari kama meno ya kitana mtu anapogeuza kichwa. TV nyingi za 576 hazirushi picha nzima. Zinarusha nusu ya mistari, kisha nusu nyingine, nusu 50 kwa sekunde. Skrini ya simu inaonyesha zote mbili kwa pamoja, na hapo meno yanatokea. Kichujio cha yadif au bwdif ndicho dawa. Ukitaka mwendo ubaki laini, kiambie kitoe fremu 50, moja kwa kila nusu. Anayehamisha bahasha tu haruhusiwi kichujio, maana kichujio ni kuchora upya.

#26 Mtunza_Kanda
Hayo meno nimeyaona! Baba anapogeukia mwandishi, pembeni mwa sikio kunakuwa na mistari. Nilidhani ni king'amuzi.

Sasa nipeni amri ya kuandika, tafadhali. FFmpeg nimeshaiweka.

#27 Waya_Mwekundu
Anza na hii:

`ffmpeg -i baba.ts -map 0:v:0 -map 0:a:0 -c:v copy -c:a aac -b:a 192k -af aresample=async=1 -movflags +faststart baba.mp4`

Picha inahama kama ilivyo. Sauti tunaigeuza AAC kwa sababu MP2 ndani ya MP4 simu nyingi huwa bubu. Kile kipande cha aresample kinaifanya sauti ifuate mihuri ya muda: palipo na pengo inaweka ukimya, haisogezi yote. Na faststart inahamishia mbele ile faharasa aliyoisema Bi Antena.

Maandishi ya chini ya DVB (mfumo wa TV ya dijitali) nimeyaacha nje makusudi. Ni picha ndogo, si herufi, na MP4 haiyapokei. Ukiyataka, tengeneza MKV.

#28 Bi_Antena
Kabla hujaandika amri yoyote, nakili diski nzima kwenye diski ya pili. Nakuomba sana. Rekodi ya baba ikiwa sehemu moja tu, ni kama haipo.

Na mwingine anayesoma: ving'amuzi vingine hufomati diski kwa mfumo wa Linux. Ukiichomeka kwenye Windows, linakuja dirisha: diski inahitaji kufomatiwa, je, ufomati? Kataa. Funga. Diski haijaharibika, Windows haiielewi tu. Iwashe kompyuta kwa Linux kutoka kwenye flashi, faili utazikuta zimelala zote.

#29 Ndoto_ya_Bluu
Jamani #28, mimi nilikubali lile dirisha. Miaka miwili ya rekodi. Leo ndiyo najua.

#30 Bi_Antena
Pole sana mpendwa. Kama hujaandika kitu kipya juu yake, usiandike. Kufomati kwa haraka hufuta orodha, yaliyomo huwa bado yapo. TestDisk na PhotoRec ni za bure, jaribu kabla hujakata tamaa.

#31 Nyuma_ya_Kioo
Zangu king'amuzi kimezifunga. VLC inaonyesha giza tu. King'amuzi chenyewe kimekufa. Kuna ufunguo wowote?

#32 Msimamizi
Kufungua faili zilizofungwa hatujadili humu. Nyuma_ya_Kioo, kwa kawaida ufunguo hukaa ndani ya kifaa kilichorekodi, hata kingine cha aina ile ile hakisomi. Njia iliyopo ni kutengeneza kile kile kilichokufa. Tuendelee na mada.

#33 Nyuma_ya_Kioo
Nimeelewa, Msimamizi. Inauma. Wenzangu, badilini faili zenu kifaa kikiwa bado kizima.

#34 Kobe_Mpole
Mimi moja ya faili zangu imekatwa vipande viwili, cha kwanza karibu GB 4. Nigeuze kimoja kimoja?

#35 Pikseli_Moja
Diski ilikuwa FAT32, haibebi faili inayofika GB 4. Kama ni .ts, unganisha kwanza, geuza baadaye. Kwenye Windows: `copy /b sehemu1.ts+sehemu2.ts nzima.ts`. Ukigeuza kimoja kimoja utapata mkwaruzo pale walipokata, kwa sababu huenda wamekata katikati ya kipande cha baiti 188. Kwa .wtv njia hii haifai, hiyo ina muundo wake wa ndani.

#36 Mtunza_Kanda
Wakuu, mrejesho. Nimenakili diski kwanza, Bi Antena, imechukua saa tano. Halafu nimeandika amri ya Waya. Haikufika hata dakika moja! Usiku kucha ule wote nilikuwa naichosha kompyuta bure.

Dakika 31: viboksi vipo pale pale, vimeandikwa kwenye rekodi, lakini baada yake mdomo na sauti vinakwenda pamoja. Nimemtumia dada, amepiga simu analia, ameniambia nisiguse tena.

Ila mimi naona dakika ya 50 bado kuna kitu kidogo. Si sekunde mbili tena. Kidogo sana.

#37 Fundi_Mawimbi
Mapengo. Nilisema.

#38 Nyuzi_Tano
Dakika 50, baada ya tangazo la 44. Nami nilisema.

#39 Antena_ya_Paa
Muhuri wa kwanza wa faili bado hatujauona.

#40 Siti_ya_Mbele
Unasikilizia spika za masikioni zisizo na waya? Zile huchelewesha sauti zenyewe.

#41 Mtunza_Kanda
Nilikuwa nazo, kweli. Nimezivua, nimetumia spika ya kompyuta. Imepungua, haijaisha.

#42 Pikseli_Moja
Zile zingechelewesha tangu dakika ya kwanza, si ya 50 peke yake. Pima kwa midomo. Tafuta neno lenye m, b au p, maana herufi hizo huwezi kuzitamka bila midomo kugusana. Songa fremu kwa fremu kwenye programu ya kuhariri video inayoonyesha mchoro wa sauti, maana VLC hunyamaza ukisonga hivyo. Hesabu fremu kati ya midomo kugusana na sauti kuanza. Fremu moja ni milisekunde 40.

#43 Mtunza_Kanda
Nimekaa nayo jioni nzima. Kuna mahali anasema "mama yao alinipa moyo". Ile m ya kwanza, midomo inagusana, halafu fremu tatu, ndipo sauti inaanza. Nimerudia mara kumi, ni tatu kila mara. Nimemtazama baba akisema "mama yao" mara nyingi leo kuliko nilivyowahi kumsikia.

#44 Waya_Mwekundu
Fremu tatu ni milisekunde 120. Huenda si kosa la kugeuza kabisa. Studio yenyewe inaweza kuwa imerusha hivyo. Pima neno lenye m kwenye dakika ya 2, kwenye .ts asili, si kwenye MP4. Ukikuta tatu na huko, kituo ndicho kilichotuma hivyo.

#45 Nyuzi_Tano
Na upime pia dakika ya 43, kabla ya tangazo. Ukikuta sifuri pale na tatu baada yake, mnajua nitasema nini.

#46 Mtunza_Kanda
Nitapima zote mbili. Dakika ya 2 anajitambulisha jina, lina b katikati. Naanzia hapo.